Jinsi ya kupata muvi ya kutisha itakayokutisha kweli

Mleta mada anataka muvi ya kutisha kuliko zote, aiangalie Ijumaa usiku na wenzake watatu huko Sinza, maana zile anazopendekezewa kila siku zinamletea usingizi. Wadau wamemrundikia majina. Majina ni mazuri, ila hayatamsaidia kama hajajua anaogopa nini, na kama kopi atakayoweka kwenye flashi imeharibika sauti. Mkuu, soma hadi mwisho, huko ndiko nimeweka jibu la Ijumaa yako.

Kuna hofu ya mishtuo. Kimya, kimya, halafu kitu kinatokea na sauti inapasuka. Hii inamshika karibu kila mtu kwa sababu mwili unaruka kabla akili haijasema lolote. Humo ndimo zilimo Insidious (2010), Sinister (2012) na The Conjuring (2013). Mwaka 2020 kampuni moja ya Uingereza iliwavalisha watazamaji vipima mapigo ya moyo wakiangalia muvi nyingi za kutisha. Sinister ikashika namba moja: wastani wa mapigo ulipanda kutoka 65 kwa dakika hadi 86. Lakini mruko mkubwa kuliko yote, mapigo 133, ulitoka kwenye Insidious. Tofauti hiyo ina maana kwako wewe unayechagua. Ukitaka kuruka kwenye kochi na kupiga kelele na wenzako, chukua Insidious. Ukitaka moyo ubanwe muvi nzima bila kupumzishwa, Sinister ndiyo kazi yake: kila yule baba anapowasha moja ya zile filamu za zamani alizozikuta darini, unajua kuna baya linakuja, na linacheleweshwa makusudi.

Kuna hofu ya kuzama taratibu, na nahisi hapa ndipo mleta mada anapolala. The Shining (1980) ina dakika 146. The Wailing ya Korea Kusini (2016) ina 156. Hereditary (2018) ina 127, na sehemu kubwa ya mwanzo ni msiba na ugomvi wa familia. CinemaScore, wanaowahoji watu wakitoka ukumbini Marekani, waliipa Hereditary alama ya D+ wakati The Conjuring ilipata A-. Wahakiki kwa upande wao waliisifu Hereditary sana. Hakuna aliyekosea hapo. Waliokwenda kutafuta mishtuo walipewa kitu kingine wakatoka na hasira. Muvi za aina hii ziangalie peke yako au na mtu mmoja anayejua kunyamaza. Ukiwa na kundi, mmoja tu akianza kuuliza "sasa hapa kinaendelea nini?" imeshakufa.

Hofu ya kubanwa ni rahisi kuielezea: sehemu ndogo, giza, njia ya kutokea imezibwa. The Descent (2005), wanawake waliokwama pangoni, inatisha hata kabla viumbe hawajatokea. REC ya Hispania (2007), watu waliofungiwa ndani ya jengo la ghorofa, ina dakika 78 na haina hata tano za kupumzika. Za damu na kukatana viungo nazipita haraka. Nyingi zinatia kinyaa, na kinyaa kinaisha taa zikiwashwa.

Iliyobaki ni hofu ya imani, ambayo orodha za mitandaoni karibu zote zinaisahau kwa sababu waandishi wake wanaishi mbali na huku. Orodha hizo zimejaa mapadri, masista na misalaba iliyopinduliwa. Mtu aliyekulia Ilala au Temeke akisikia habari za majini toka utotoni anaweza kuangalia sista mwenye macho meusi akaendelea kula mihogo yake. Mpe jini, sanda, maiti inayooshwa, aone kama atakwenda chooni peke yake. Pengabdi Setan ya Joko Anwar wa Indonesia (2017) ni ya familia yenye nyumba iliyo jirani na makaburi. Mama ni mgonjwa wa kitandani, hawezi kuita, ana kengele ndogo ya mkononi. Akiitikisa, mtoto anapanda kumhudumia. Mama anakufa, anavikwa sanda, anazikwa. Halafu usiku kengele inalia. Hapo hapahitaji muziki wala sura ya kutisha, kwa sababu mazishi yale tunayajua na sauti ile umeshaizoea tangu mwanzo.

Kwenye kundi hilohilo weka Under the Shadow (2016), ya mama na binti yake Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraq: kombora linapiga jengo lao bila kulipuka na jini anaingia. Zipo pia za Dabbe kutoka Uturuki, nyingi ni kamera ya mkononi na majini mtindo mmoja. His House (2020) inahusu mume na mke wakimbizi wa Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza, na kilichomo ukutani kimewafuata kutoka kwao. Na za kwetu zisidharauliwe. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi zilitengenezwa kwa vifaa duni, ila zinashika palepale panapouma, kwa sababu zinasema lugha ya hofu tuliyokua nayo.

Kama hujui aina yako, jiulize hivi: uko peke yako nyumbani, umeme umekatika, umesikia mchakacho uani. Unawaza nini kwanza? Ukiwaza mwizi, tafuta muvi za mtu kuvamia nyumba, kama Hush (2016) au The Strangers (2008). Ukiwaza kitu kisicho mtu, nenda kwenye majini na mizimu. Ukiwaza namna ya kutoka humo ndani, yako ni ya kubanwa.

Kuhusu alama za IMDb, tovuti ambako watazamaji huzipa muvi alama hadi kumi: muvi za kutisha hupewa alama ndogo kuliko nyingine, kwa hiyo usitupe yenye 6.5. Ikifika 7 hiyo ni nzuri sana. Hereditary yenyewe iko saba na ushee. Na usiangalie trela, maana huko ndiko wanakomwaga mishtuo yao bora. Ukitaka kujua tu kama muvi ina mishtuo mingi au michache, tovuti ya Where's the Jump? inaorodhesha kila mshtuo na dakika yake. Soma jumla, usisome dakika.

Sasa kopi, na hapa naomba watu wanisikilize vizuri. Muvi ya kutisha iliyotafsiriwa na DJ, usiichukue. Kazi ya madijei naiheshimu, na kwenye mapigano au muvi za Kihindi wanaongeza utamu kabisa. Ila DJ kazi yake ni kujaza kimya, na hofu inaishi kwenye kimya. Mlango unafunguka taratibu, ulitakiwa usikie bawaba tu, wewe unasikia "huyu jamaa hajui kinachomsubiri". Umeshaambiwa, mshtuo umeisha. Pia sauti ya muvi yenyewe hushushwa ili yake isikike. Dukani sema wazi unataka orijino isiyo ya DJ, ukague dakika mbili za katikati kabla ya kuondoka.

Kagua na haya. Kopi iliyorekodiwa ukumbini kwa kamera haifai hata bure: giza lake ni ukungu na unasikia watu wakicheka. Faili lililobanwa sana, muvi ya saa mbili kwa MB 300, picha za giza zinageuka vitalu vitalu vya kijivu. Kwenye Hereditary kuna tukio la chumbani usiku ambapo kuna mtu yuko juu kabisa ukutani kwenye kona, na hakuna muziki wa kukuonyesha. Kwenye kopi mbovu unaona weusi mtupu, unabaki unashangaa wengine wanatishwa na nini. Tafuta angalau picha ya ukali wa 720p, faili la GB moja hivi, au 1080p kama televisheni ni kubwa. Faili la zaidi ya GB 4 halitaingia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ifomati exFAT kama televisheni yako inaisoma. Ukipata picha bila sauti, mara nyingi sauti iko kwenye mfumo wa DTS ambao televisheni nyingi hazifungui. Cheza kwa programu ya VLC kwenye laptop na unganisha waya wa HDMI.

Maandishi ya chini nayo yana mtego wake. Yale ya viziwi yanaandika kila sauti, "mlango unagonga", "kishindo", na yanaweza kutokea kabla ya sauti yenyewe. Chukua ya mazungumzo tu. Yakiwa yamewahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile muvi nzima, kwenye VLC bonyeza G au H yasogee. Yakianza sawa halafu yakazidi kuachana, hayo ni ya toleo jingine, tafuta mengine.

Sebuleni, sabufa usiipandishe bezi hadi mwisho kama ya singeli. Bezi ikizidi inameza mazungumzo na milio midogo, na milio midogo ndiyo mtaji. Kwenye Hereditary kuna mlio wa ulimi, "tlok", mwepesi kabisa, na ukiukosa mara ya kwanza umekosa nusu ya muvi. Weka bezi katikati, pandisha sauti hadi mazungumzo ya dakika tano za mwanzo yasikike kama mtu anaongea humo chumbani, kisha rimoti iweke mezani. Anayeshika rimoti huwa anashusha sauti kila akiogopa.

Televisheni itoe kwenye hali ya rangi kali uweke ya sinema, na zima kile kinacholainisha mwendo wa picha. Taa zote zima, simu zigeuzwe kifudifudi. Feni iende taratibu, ikae mbali na masikio yenu. Kwa mitaa ya uswahilini anza baada ya saa tatu usiku kelele zikipungua, na kama kuna kigodoro jirani, ahirisha tu. Anayeangalia peke yake avae spika za masikioni za waya. Za bluetooth nyingine huchelewesha sauti, na mshtuo uliochelewa hauna nguvu. Anayeangalia kwa bando apakue mchana, muvi ikianza kuzunguka katikati ya tukio hofu yote inayeyuka.

Kwa Ijumaa yako, mkuu: watu wanne, wenye usingizi wa muvi za taratibu. Anza REC saa tatu na nusu. Pumzikeni robo saa, mle, mtu aende chooni kwa amani. Kisha Pengabdi Setan, dakika 107, mtamaliza saa saba kasoro. Msigeuze mpangilio. Ya pili inahitaji watu ambao wameshaacha kuongea, na REC itawanyamazisha. Kama mmoja wenu mambo ya majini yanamsumbua kweli moyoni, usimlazimishe, weka The Descent badala yake. Hakikisha ni toleo la Uingereza, lile la ukumbini Marekani lilikatwa mwisho.