Boksi moja au vidonge 28? Maswali kutoka kaunta ya famasi

Safari hii tumechagua barua za wasomaji wanaofanya kazi kwenye famasi zenye matawi mengi. Wanajibu wafamasia na wasimamizi wa stoo.

Kila mwisho wa mwezi tukihesabu mali, kompyuta inasema hivi, rafu zinasema vile. Meneja anataka tuchangie upungufu. Unatoka wapi? (Fundi dawa sanifu, Temeke)

Kabla ya kumtafuta mwizi, tafuta mapacha. Amoksilini (dawa ya kuua bakteria) ya kiwanda kimoja ikipungua stripu tatu, angalia kama ya kiwanda kingine imezidi stripu tatu. Muuzaji alishika boksi moja mkononi, akaandika herufi nne za jina, akabonyeza dawa iliyotokea juu kwenye orodha. Fedha imeingia vizuri, ila mali imekatwa pasipo pake. Skani boksi ulilolishika, basi. Kuandika jina kubaki kwa dawa zisizo na msimbo wa kuskani tu.

Chanzo cha pili wengi hawakigundui: kipimo. Chukua boksi la vidonge 28 ambalo limesajiliwa kwa boksi, si kwa kidonge. Mteja akinunua vidonge 10, kompyuta inaandika 0.36. Zidisha kwa 28 upate 10.08. Akinunua 20 inaandika 0.71, yaani 19.88. Mara rafu inazidi, mara inapungukiwa, na hakuna aliyeiba hata kidonge. Waombeni makao makuu dawa zote zinazokatwa zisajiliwe kwa kidonge kimoja kimoja. Wakikataa, mtaendelea kulumbana kila mwezi.

Halafu kuna mali iliyo njiani. Tawi jirani limewapa chupa 12 za dawa ya kikohozi, bodaboda ameleta, mmezipanga, mmeanza kuuza. Ila hakuna aliyebonyeza "pokea", kwa hiyo kwao zimetoka na kwenu hazijaingia. Jioni hiyohiyo pokea, usingoje kesho. Vivyo hivyo risiti za mkono za siku mtandao ulipokatika: ziingizwe kabla ya kufunga hesabu, na aliyeuza ndiye aziingize, maana ndiye anayekumbuka alitoa ya kiwanda gani.

Hesabu yenyewe ifanyike duka likiwa limefungwa. Mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine aandike, na karatasi isiwe na idadi ya kompyuta. Mtu akishaiona 47, jicho lake litatafuta 47 mpaka liipate.

Kuhusu kulipa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kugawa hasara kwa vichwa. Mwajiri anapaswa kuonyesha kuwa kosa ni lako, akupe kwa maandishi sababu na namna kiasi kilivyopigwa, akupe nafasi ya kupinga, na wewe ukubali deni kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya ujira wako. Usisaini karatasi isiyo na mchanganuo.

Umeme ulikatika usiku, asubuhi friji ya insulini tumeikuta kwenye nyuzi 14. Tutupe au tuuze? (Muuzaji, Tanga)

Bado, vyote viwili. Msifungue-fungue mlango. Someni kipimajoto kinachoonyesha joto la juu kabisa na la chini kabisa lililofikiwa, andikeni nyuzi na saa, bandikeni karatasi ya USIUZE, kisha mzihamishie friji ya tawi lenye umeme. Kwenye kibebeo, barafu zifungwe kitambaa zisigusane na chupa. Mfamasia msimamizi ndiye atakayemuuliza msambazaji, akimpa nyuzi zile na idadi ya saa.

Ukweli ni kwamba joto la usiku mmoja si lazima liwe limeua insulini. Aina nyingi, chupa ikishaanza kutumika, hukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30 au hata 25, kutegemea kiwanda. Adui mkubwa ni barafu, na ndiyo watu hawaiogopi. Chupa iliyogusa ukuta wa nyuma wa friji ikaganda, tupa hata kama imeyeyuka ikaonekana safi kabisa. Friji ni nyuzi 2 hadi 8. Dawa zisikae mlangoni, na nafasi tupu zijazwe chupa za maji, zinashikilia ubaridi umeme ukikatika. Chipsi za mchana zitafutiwe mahali pengine.

Cheti kimeandikwa "Met…" halafu mwandiko umeteleza. Nafanyaje foleni ikiwa ndefu? (Dodoma)

Soma idadi kabla ya jina. Mara tatu kwa siku kwa siku tano au saba, huenda ni metronidazoli, dawa ya maambukizi kama ya tumbo. Mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, kwa mwezi mzima, inaelekea metformini, dawa ya kisukari. Kisha muulize mgonjwa: "Daktari amekwambia unasumbuliwa na nini?" Usimuulize, "Hii ni ya sukari, eti?" Atasema ndiyo, hata kama ana tumbo la kuhara. Majibu yasipokubaliana na cheti, pigia simu kituo kilichoandika. Foleni itasubiri. Kwa kuwa majina yanafanana, metformini na metronidazoli zisipangwe rafu moja, wala karbamazepini (ya kifafa) na karbimazoli (ya tezi ya shingo).

"Nipe amoksilini za buku tu." Nikikataa anaenda duka la pili. (Mbagala)

Na aende. Kwanza, ni dawa ya cheti. Akiwa na cheti lakini fedha haitoshi, mtafutie ya kiwanda cha bei nafuu umpe dozi kamili. Asiye na cheti muulize dalili: mafua na koo linalowasha bila homa kali, mara nyingi ni virusi, na amoksilini haivigusi. Paracetamoli na maji ya chumvi ya kusukutua vitamgharimu chini ya hiyo buku. Akiwa anapumua kwa shida, au ni mtoto anayekataa kunyonya, mwelekeze kituo cha afya hapohapo.

Tunaingia saa 2 asubuhi, tunatoka saa 4 usiku, siku sita kwa wiki. Ni halali? (Arusha)

Hapana. Ukiacha wale wa ngazi ya umeneja, kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata kwa ziada, siku moja isizidi saa 12. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya saa moja ya kupumzika. Jedwali la zamu la ukutani hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo andika saa za kuingia na kutoka kwenye daftari lako mwenyewe, kila siku, na daftari likae nyumbani.