Panya wetu wanadondosha hereni, je chipu itatusaidia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mwanafunzi, nasaidia kwenye banda la wanyama wa utafiti, tuna panya weupe wengi. Tunawavisha hereni za namba sikioni ila zinanasa kwenye waya wa kizimba zinachomoka, ukija asubuhi hujui yupi ni yupi. Nimesikia kuna chipu unamwekea mnyama halafu unamwona alipo kwenye kompyuta. Ni kweli? Na haimuumizi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chipu zipo na zinasaidia sana, ila hiyo ya kumwona alipo sahau, ile sio GPS. Ni kidude cha kioo kama punje ya mchele, urefu milimita 12 hivi na unene 2, hakina betri, kimelala tu chini ya ngozi mpaka usogeze skana karibu kabisa ndo kinapata nguvu kutoka kwenye hiyo skana na kurudisha namba, basi. Zile za kiwango cha kimataifa cha ISO namba yake ina tarakimu 15.

Maumivu yapo kidogo maana sindano yake ni nene, kwa hiyo ongeeni na daktari wa mifugo kuhusu dawa ya usingizi, na kwa panya wadogo zipo chipu za milimita 8. Unavuta ngozi kati ya mabega, unachoma, ukichomoa sindano bana lile tundu kwa vidole kwa muda, usipobana chipu inarudi nje inapotelea kwenye maranda. Iskani kabla hujachoma na baada ya kuchoma.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye kanzidata, yaani kumbukumbu za wanyama wenu kwenye kompyuta, namba peke yake haisemi kitu bila tarehe ya kuzaliwa, jinsia, wazazi, kizimba, dozi na uzito. Skani panya akiwa mkononi, rekodi yake ifunguke, ingiza uzito palepale kwenye mizani, msiandike kwenye karatasi eti mtaingiza jioni, hapo ndo panya wawili wanabadilishana dozi. Kila mtu awe na paswedi yake ijulikane nani kabadili nini. Hili naling'ang'ania kwa sababu mnyama aliyechanganywa data zake zinatupwa, kateseka bure na mwingine anachukua nafasi yake, na wanasayansi wa Uingereza, Russell na Burch, walishasema tangu 1959 tupunguze idadi ya wanyama tunaowatumia.

Kama hela ya chipu hamna, anzeni na kanzidata hiyohiyo kwa alama ya kalamu ya wino mkiani, ila muirudie kila baada ya siku chache kabla haijafutika.