Mabango ya zamani ya maigizo usiyapige laminesheni

Dada umeuliza kama hayo mabango na vipeperushi vya ukumbi wa zamani wa maigizo uvipeleke vikapigwa laminesheni, tafadhali usifanye hivyo kabisa, ule moto na gundi yake haviondoki tena na karatasi inaendelea kuoza ndani kwa ndani. Selotepu nayo hapana, inaacha doa la kahawia.

Karatasi nyingi za matangazo kuanzia katikati ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa rojo la mbao, zina asidi yake yenyewe, ndo maana zinageuka njano na kukatika palepale kwenye mkunjo. Toa pini za stepla taratibu maana zinaota kutu, kisha karatasi zenyewe zilaze bapa kwenye folda isiyo na asidi, mahali pa giza na pakavu, unyevu usizidi asilimia 50. Ukiandika kitu andika nyuma kwa penseli laini.

Halafu kuna hili watu wengi hawalijui, mengi ya hayo matangazo hayana mwaka, utakuta tu "Jumamosi tarehe 14 Machi", sasa hiyo siku na tarehe ukizipeleka kwenye kalenda za zamani unabaki na miaka michache tu inayowezekana, na yale maandishi madogo ya mpiga chapa pale chini yanakusaidia kubana zaidi, kwa hiyo nakuomba usikate kingo hata kama zimechakaa! Skani pande zote mbili, hata nyuma kukiwa kutupu.