Nimeshusha nyuzi kama Tony Iommi, sasa gitaa linakwaruza

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikuwa napiga solo kwenye bendi mpaka mwaka juzi, msumeno wa karakana ulipoondoka na ncha ya kidole changu cha kati, mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeshakata tamaa, kisha nikasoma habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath ya Uingereza. Nimejitengenezea kikofia cha plastiki na nimeshusha nyuzi zote nusu toni tatu kama yeye. Sasa gitaa linakwaruza kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) za mwanzo, na ule uzito wa sauti siuoni. Fundi wa huku kwetu anasema nifunge nyuzi nene, seti ya 12 (uzi wake mwembamba kabisa una unene wa elfu 12 za inchi), halafu yeye apige tupa freti. Anataka kianzio. Nikubali?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kidole. Usikubali. Kama gitaa liko kwake, lifuate leo.

Magitaa ya namna hii naletewa kila mara. Wengine wenye magitaa hayo wana vidole vyote kumi, lakini ugonjwa ni huohuo: mtu kasikia kwamba uzito wa Iommi umetokana na kushusha nyuzi, basi kashusha, na kuanzia hapo kila anayemshauri anamzidishia kosa.

Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa London Oktoba 1969, kwa siku moja, na ikatoka Februari 1970. Gitaa lililomo mle limetyuniwa kawaida kabisa, uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, uko noti ya E. Paranoid, iliyofuata Septemba mwaka huohuo, nayo ni hivyohivyo. Nusu toni tatu unazozisema zilikuja na Master of Reality mwaka 1971, tena kwenye baadhi ya nyimbo tu. Maana yake watu walikuwa wameshatetemeshwa na uzito ule kabla mzee hajagusa funguo za kushushia.

Sasa uzito ulitoka wapi? Sikiliza wimbo unaobeba jina la bendi. Sauti ni tatu tu: G, G ya juu yake, kisha C#. Umbali wa kutoka G hadi C# ni toni tatu kamili, na sikio halipumziki likiusikia. Anaupiga polepole, anaiacha sauti ining'inie, na Geezer Butler anamfuata kwa besi hatua kwa hatua. Ongeza amplifaya ya Laney, iliyotengenezwa Birmingham kwao, na kiboksi cha Rangemaster cha kuongeza makali ya sauti za juu. Umesoma vizuri: za juu. Sauti nzito kuliko zote za zama zile ilipitishwa kwenye kifaa cha kuongeza sauti nyembamba, ili amplifaya ichemke bila kuvurugika. Anayekwambia uzito ni unene wa uzi hajawahi kuisikiliza sahani ile kwa makini.

Na nyuzi zake zilikuwa nyembamba. Hapa ndipo ninapoumia kila ninapomwona mtu aliyeumia kidole akiuziwa seti ya 12. Iommi anapiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kubana nyuzi kwake ni wa kulia. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha mabati Birmingham, mashine ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono huo. Aliambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kazi akamsikilizisha sahani ya mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye moto wa mwaka 1928 ulimwachia vidole viwili tu vya kufanyia kazi kwenye shingo ya gitaa. Iommi akaenda kuyeyusha chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo, akafinyanga subana mbili, akazipiga msasa mpaka zikamkaa, akazivika vipande vya ngozi ya koti kuukuu ili zishike uzi. Lakini subana haisikii uzi, na nyuzi za madukani zilikuwa nene mno kwake, kwa hiyo akachanganya na nyuzi za banjo. Baadaye Picato, watengenezaji wa nyuzi, ndio waliokubali kumtengenezea seti nyembamba. Hata aliposhusha mwaka 1971, sababu ya kwanza ilikuwa kuvipunguzia vidole kazi. Sauti nayo ikanenepa, sikatai, ila nyuzi zilibaki nyembamba.

Kwa hiyo huyo fundi wako anakupeleka upande uleule ambao Iommi alikuwa anaukimbia.

Nije kwenye mkwaruzo. Ukishusha nusu toni tatu, mkazo wa uzi hubaki kama asilimia 71 ya ule wa mwanzo. Seti ya 10 ikiwa E huivuta shingo kwa karibu kilo 45. Ukishuka hadi C#, zinabaki kama 32. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma iliyokazwa ili ishindane na zile kilo 45. Nyuzi zimelegea, fimbo haijalegezwa, basi fimbo inashinda: shingo inajikunja kwa nyuma na nyuzi zinalalia freti za mwanzo. Freti zako ni nzima. Shingo ndiyo imepoteza mizani, na kuirudisha ni kazi ya spana, haihitaji tupa.

Juzi nimeketi na gitaa lililopitia mkono wa namna hiyo. Freti mpya huwa na kimo cha milimita moja na ushei, na nilipoweka rula, tano za kwanza zilikuwa zimebaki utepe wa bati uliolala kwenye mbao. Kijana alilipia kazi hiyo. Aliporudisha tyuni ya kawaida, shingo ikarudi mahali pake, na freti hizo zikawa chini ya zile za mbele yake. Dawa yake sasa ni kung'oa zote na kupachika nyingine, na gharama hiyo inakaribia bei ya gitaa lenyewe. Seti ya 12 nayo ina madhara yake: itabidi mifereji ya kichwani inayopitisha nyuzi ipanuliwe, na ukitaka kurudi kwenye nyuzi nyembamba zitacheza humo ndani kama mguu kwenye kiatu cha baba. Mwenye vidole vizima anayetaka kukaa C# maisha yake yote anaweza kufunga nyuzi nene na kurekebisha gitaa lote lilingane nazo. Wewe hapana.

Wewe funga seti ya 9, au 8 ukiipata, utyuni E, uliache gitaa siku mbili. Kisha bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, uangalie nafasi iliyopo juu ya freti ya saba. Kadi ya biashara ipite bila kuuinua uzi. Isipopita, legeza fimbo robo mzunguko, usizidishe, usubiri hadi kesho yake, upime tena. Ukizoea kikofia chako ndipo ushushe nusu toni moja, ukipima vilevile kila unaposhuka.

Kikofia kivike ngozi laini, kisikubane, na usikigandishe kwa gundi ya papo hapo, maana nimeona ngozi ikibanduka nayo. Ukigusa kigutu ukasikia kama shoti ya umeme, mwone daktari kwanza, kwani huenda ni mshipa wa fahamu na hakuna seti ya nyuzi itakayoutibu.

Na hili nawaambia wote, pamoja na wanaonunua viboksi vilivyoandikwa jina la mpigaji fulani wakidhani wamenunua mikono yake: fundi akitaja tupa kabla hajachukua rula na kuangalia shingo, chukua gitaa lako uondoke. Mwulize swali moja tu, fimbo ya shingo ameipima lini. Akijibu kwamba kwa gitaa hili haihitajiki, kianzio kibaki mfukoni mwako.