Maswali ya Wasomaji: Kukusanya Rekodi za Jim Reeves

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yetu alituachia sanduku la santuri na kanda za mwimbaji wa Marekani Jim Reeves, naye baba alizipenda kuliko kitu kingine chochote sebuleni mwake. Nimeanza kuongeza nyingine ili nipate mkusanyiko kamili, lakini karibu kila albamu ninayonunua ina nyimbo ninazo tayari, na baadhi zinasikika tofauti na zile za baba ingawa jina la wimbo ni lilelile. Nianze wapi, na nitajuaje kwamba nimekamilisha? — Msomaji, Kisasa, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kulitunza sanduku lake. Ombi langu la kwanza ni kwamba uache kuhesabu albamu. Jim Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 40, katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na Nashville, na siku hiyo idadi ya nyimbo alizoziimba mbele ya kipaza sauti ilifika mwisho. Hata hivyo, kampuni yake, RCA Victor, iliendelea kutoa santuri zenye jina lake kwa takriban miaka 20 baada ya hapo, ikizipanga upya nyimbo zilezile chini ya majalada mapya. Anayekusanya majalada hatamaliza kamwe, na fedha zake nyingi zitakwenda kwenye vitu alivyo navyo. Anayekusanya rekodi zenyewe, yaani kila mara mwimbaji alipoingia studio na kuimba wimbo fulani, ana kazi yenye mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo nunua daftari kubwa la kaunta kabla ya kununua santuri nyingine yoyote. Kila rekodi iwe na mstari wake: jina la wimbo, mwaka uliorekodiwa, kampuni, namba ya santuri uliyo nayo, na alama itakayoonyesha kama unachokisikia ndicho kilichopigwa siku ile au kimeongezewa vyombo baadaye. Anza na sanduku la baba. Naamini utagundua kwamba tayari una sehemu kubwa ya nyimbo zake mashuhuri, na kwamba kinachokosekana ni kile ambacho wapenzi wengi wa Jim Reeves hapa kwetu hawajawahi kukisikia.

Ninazungumzia miaka yake ya mwanzo. Alizaliwa Texas mwaka 1923, akacheza besiboli hadi jeraha lilipomtoa uwanjani, kisha akawa mtangazaji wa redio ya KWKH huko Shreveport, Louisiana, kilikotoka kipindi cha muziki cha Louisiana Hayride. Rekodi zake za kwanza, za mwaka 1949, zilitolewa na kampuni ndogo ya Macy's, na hizo ni adimu sana. Zilizomtambulisha ni za kampuni ya Abbott: “Mexican Joe” ya mwaka 1953, iliyoshika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa kantri ya Marekani, na “Bimbo” iliyofuata. Humo anaimba kwa sauti ya juu, haraka, kwa uchangamfu, akisindikizwa na fidla na gitaa la chuma (lile linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi), kiasi kwamba aliyezoea sauti ya upole ya nyimbo za Krismasi atauliza kama kweli huyu ni mtu yuleyule. Wengi huziruka rekodi hizi kwa sababu hazifanani na Jim Reeves wanayemfahamu. Mimi nasema mkusanyiko usio na angalau hizo mbili umekosa mguu mmoja, kwa kuwa hauwezi kuonyesha alipotoka.

Mwaka 1955 alihamia RCA Victor, na mwaka 1957 ukaja wimbo “Four Walls”. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Alisogea karibu kabisa na kipaza sauti na kuimba kwa sauti ya chini, kana kwamba anazungumza na mtu mmoja tu chumbani, na mtayarishaji wake, Chet Atkins, alimuunga mkono ingawa wakuu wa kampuni hawakuupenda mtindo huo. Fidla na gitaa la chuma vilirudi nyuma, piano na waitikiaji wakachukua nafasi. Miaka miwili baadaye akarekodi “He'll Have to Go”, wimbo ambao ulitolewa kama upande wa pili wa santuri ya “In a Mansion Stands My Love”. Watangazaji wa redio waliigeuza sahani, na mwaka 1960 upande huo wa pili ukakaa nafasi ya kwanza katika chati ya kantri kwa wiki 14 na kufika nafasi ya pili katika chati ya jumla. Ukizisikiliza “Mexican Joe”, “Four Walls” na “He'll Have to Go” kwa mfuatano huo, utaelewa zaidi kuliko utakavyoelewa kwa kusikiliza albamu kumi za “nyimbo bora” zilizochanganywa bila kujali miaka.

Sasa nijibu lile la nyimbo zenye jina moja zinazosikika tofauti. Wakati mwingine sababu ni kwamba aliuimba wimbo mara mbili. Mfano ulio wazi ni “Am I Losing You”, wimbo alioutunga mwenyewe: aliurekodi mwaka 1956, kisha akaurudia mwaka 1960 kwa mtindo wake mpya wa upole, na mara zote mbili ukaingia kwenye chati. Hizo ni rekodi mbili, zenye mistari miwili katika daftari lako. Ukiwa na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ya RCA Victor iliyochapwa Marekani, tazama ile namba ndefu iliyo kwenye kibandiko cha katikati, ambayo pia huchongwa kwenye sehemu laini karibu na kibandiko hicho. Enzi hizo herufi yake ya kwanza ilifuata mwaka: G ni 1956, H ni 1957, K ni 1959, L ni 1960. Kwenye santuri kubwa herufi hiyo huhusu utayarishaji wa albamu nzima, kwa hiyo usiitumie kuamua umri wa wimbo mmoja mmoja.

Angalia pia herufi za namba ya albamu. LPM ni mono, yaani sauti ya njia moja, na LSP ni stirio, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia. Palipoandikwa “e” ndogo katika mabano baada ya namba, maana yake ni kwamba rekodi ya mono iligeuzwa kwa mitambo ili isikike kama stirio, na mara nyingi sauti hupoteza uzito wake na kuwa na mwangwi usiokuwapo studio. Kwa nyimbo za kabla ya 1958, chagua mono bila kusitasita, hata kama muuzaji anakuambia kwamba stirio ndiyo ya kisasa.

Katika nyumba za Dodoma na mikoa ya jirani, santuri utakazozikuta kwa urahisi zaidi ni za dini na za Krismasi: “God Be with You” ya 1958, “We Thank Thee” ya 1962 na “Twelve Songs of Christmas” ya 1963. Zimepigwa kila Desemba kwa miaka mingi, kwa hiyo nyingi zimechakaa, na ni vyema kuchukua nakala ya pili ukiipata ikiwa safi. Baada ya hizo tafuta “A Touch of Velvet” ya 1962 na “Moonlight and Roses” ya 1964, ambazo kwa maoni yangu ndipo sauti yake ilipofika kilele. Usizidharau rekodi zake za Kiafrikana zilizotokana na umaarufu wake Afrika Kusini, nchi aliyoitembelea mwaka 1962 na kurudi baadaye kuigiza filamu ya “Kimberley Jim”.

Ukitaka njia ya mkato, kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ilitoa mwaka 1994 kasha la CD 16 liitwalo “Welcome to My World”, likiwa na kitabu chake. Ni ghali, lakini orodha yake ya rekodi ni msaada mkubwa kwa daftari lako hata kama CD zenyewe utaziazima kwa mtu.

SWALI: Mwalimu mwenzangu anadai kwamba “Distant Drums” ni wimbo wa kughushi na kwamba Jim Reeves hakuwahi kuimba pamoja na mwimbaji mwenzake wa Marekani Patsy Cline, ingawa mimi nina kanda ambayo sauti za wote wawili zinasikika. Je, nani yuko sahihi, na niviondoe vitu hivi katika mkusanyiko wangu? — Mwalimu mstaafu, Mpwapwa.

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Mwenzako yuko sahihi kuhusu Patsy Cline lakini amekosea kuhusu “Distant Drums”, na tofauti kati ya mambo haya mawili ndiyo inayostahili kuandikwa katika daftari la kila mkusanyaji.

“Distant Drums” ni sauti ya Jim Reeves mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Aliuimba kama rekodi ya mfano kwa ajili ya mtunzi wake, Cindy Walker, bila nia ya kuutoa sokoni. Baada ya kifo chake uliongezewa okestra, na mwaka 1966 ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulipata huko alipokuwa hai. Kwa hiyo sauti ni yake, ila vyombo vingine ni vya watu ambao hawakuwa naye chumbani.

Patsy Cline alifariki Machi 1963, naye pia katika ajali ya ndege. Hawakuwahi kurekodi pamoja. Kilichofanyika mwaka 1981 ni mafundi kuchukua sauti ya kila mmoja kutoka rekodi zao tofauti za “Have You Ever Been Lonely”, kuzioanisha na kuziwekea muziki mpya. Kabla ya hapo sauti ya Reeves ilikuwa imeunganishwa na ya Deborah Allen, mwimbaji aliyekuwa mtoto mdogo wakati Reeves anafariki.

Usiviondoe. Rekodi hizi zina mahali pake, na watu wengi walimfahamu Jim Reeves kupitia hizo. Viweke katika sehemu ya pili ya mkusanyiko, yenye kichwa cha habari kinachosema wazi kwamba ziliongezewa au ziliunganishwa baada ya 1964. Ninalolipinga kwa dhati ni mtu kuwa na toleo lililoongezewa vyombo pekee, bila kujua kwamba lipo la awali, kisha akawarithisha watoto wake akiamini kwamba hivyo ndivyo wimbo ulivyopigwa. Kila unapopata toleo la namna hiyo, andika pembeni yake kwamba la awali bado linatafutwa.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimepewa na babu yangu santuri za Jim Reeves, baadhi nzito na za kuvunjika kama vigae, pamoja na kanda za kaseti. Zimejaa vumbi. Je, nizisafishe kwa kitu gani, na ninaweza kuzipiga kwenye gramafoni yake ya kukoroga kwa mkono? — Mwanafunzi, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipige chochote kwanza. Gramafoni ya kukoroga ina sindano ya chuma na mkono mzito, na imetengenezwa kwa ajili ya zile sahani nzito za mizunguko 78 tu. Santuri ya plastiki ya mizunguko 45 au 33 ukiiweka humo mara moja, mifereji yake itakatwakatwa na haitapona. Kwa upande mwingine, sahani za 78 zinahitaji sindano nene kuliko ya santuri za plastiki, kwa hiyo hata kwenye mashine ya umeme hakikisha fundi amekuwekea sindano inayostahili.

Maji ya bomba ya mji wetu, ambayo mengi hutoka kwenye visima vya Mzakwe, yana chumvi, na chumvi hiyo hubaki ndani ya mifereji maji yanapokauka. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, na uhakikishe kwa kusoma chupa kwamba hujauziwa tindikali, kwani dukani huwekwa rafu moja. Ongeza tone la sabuni ya maji isiyo na rangi, pitisha kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usilowanishe kibandiko, kisha suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Kwa sahani za 78 usitumie spiriti kamwe, kwa sababu huyeyusha shelaki, ile gundi ngumu iliyotumika kuzitengeneza.

Zikishakauka, zisimamishe wima kwenye kabati lenye mlango, kwa maana upepo wetu wa Julai hadi Oktoba hupenyeza vumbi jekundu hata palipofungwa. Zisikae chini ya bati lisilo na dari wala ndani ya gari. Joto huzipinda santuri za plastiki, na santuri iliyopinda haina fundi.

Kanda za kaseti zinahitaji kushughulikiwa haraka zaidi kuliko santuri, kwa hiyo anza na hizo. Zungusha kila kanda mbele na nyuma mara moja kabla ya kuipiga, uitazame kama ina ukungu, na kama kile kipande kidogo cha sponji kinachoisukuma kwenye kichwa cha kusomea bado kipo. Kisha iunganishe redio kaseti na kompyuta kwa waya na kuirekodi pande zote mbili bila kukata chochote, hata sauti ya mtangazaji aliyenaswa katikati ya nyimbo. Hifadhi faili katika mfumo wa WAV, usiopunguza chochote katika sauti, si MP3, weka nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski inayokaa nyumba tofauti, na jina la kila faili liwe namba ile uliyoiandika kwenye kasha la kanda yenyewe.