Rafu ikinepa, usikimbilie chuma cha nguvu zaidi

Rafu yangu ya vifaa ililala juu ya vyuma bapa viwili, upana milimita 50, unene 6, vikivuka nafasi ya sentimita 120. Nikapanga vitu vya kilo 30 hivi, katikati ikanepa karibu milimita 19. Bila kujiuliza, nikatafuta vyuma vya vipimo vilevile ila vya daraja la juu, yaani vyenye nguvu zaidi. Nikavifunga, nikarudisha mzigo, nikaweka rula. Milimita 19!

Nilikuwa nimechanganya nguvu na ukakamavu. Nguvu ni mkazo (kani kwa kila eneo, hupimwa kwa megapaskali) ambao chuma hustahimili kabla ya kupinda kwa kudumu: chuma laini cha kawaida ni kama megapaskali 250, vingine hupita hapo mara kadhaa. Ukakamavu ni jinsi kinavyogoma kunepa, na hapo vyuma vya daraja la chini na la juu karibu vinalingana, moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu wa mata yenyewe, ikiwa gigapaskali 200 hivi. (Aluminiamu ni 70 tu. Heri sikuifikiria.)

Kwa hiyo kitu kikinepa, kwanza shusha mzigo utazame. Kikirudi kunyooka, hakijazidiwa. Mkazo kwenye vyuma vyangu ulikuwa kama megapaskali 75, mbali kabisa na kikomo. Kinachotakiwa ni kubadili umbo au kufupisha nafasi. Kikibaki kimepinda, hapo ndipo chuma chenye nguvu zaidi kina maana. Na usizoee kukinyoosha na kukirudisha: waya ukikunjwa huku na huku palepale, huwa mgumu kwanza, kisha hukatika.

Mimi nilivirudisha vyuma vya zamani, nikavisimamisha kwa ubavu. Ukakamavu hukua kwa kimo × kimo × kimo, hivyo kutoka kimo cha 6 hadi 50, hata ukiondoa upana uliopotea, nilipata kama mara 69. Rula haikuona kitu. Ila chuma kikisimama hivyo hupenda kulala upande, kwa hiyo nilichomelea vipande viwili vya kuviunganisha.

Mbao na plastiki zina ujanja wao. Zikibeba mzigo uleule kwa miezi huendelea kunepa polepole, hata kama siku ya kwanza zilionekana sawa. Hizo nazipima tena baada ya wiki kadhaa, na zikianza kushuka, nazigeuza chini juu.