Vilima vya makaburi: nimeulizwa tena habari za dhahabu

Silbury Hill, kile kilima cha kale cha Wiltshire, England, kweli amezikwa mfalme Sil na farasi wake wa dhahabu?
Jamani, hili swali linarudi kila mara. Mwaka 1776 walishusha shimo toka kileleni mpaka chini, 1849 wakatoboa handaki toka ubavuni, 1968 mpaka 1970 wakaingia tena na kamera za BBC zikiwaangalia, na hawakukuta kaburi, achilia mbali farasi. Walichokuta ni udongo, chokaa na majani yaliyofukiwa miaka zaidi ya 4,000, na mimi naona hiyo ndo mali yenyewe ila hakuna anayeniuliza habari za majani. Halafu mwaka 2000 kileleni pakadidimia, shimo likafunguka, kisa lile la 1776 halikujazwa vizuri! Hao wa hazina wanaondoka, wengine wanabaki kuziba.

Mbona kule Mold, Wales, waliipata dhahabu kaburini?
Waliipata, 1833, na hawakuwa wanatafuta dhahabu, walikuwa wanachukua mawe. Kulikuwa na mifupa, shanga za kaharabu, na vazi la mabegani la dhahabu. Wakagawana vipande, shanga karibu zote zikapotea, British Museum (makumbusho ya London) ikahangaika miaka kuunga vazi. Na ile stori ya mzuka wa dhahabu aliyeonekana pale zamani, iliandikwa dhahabu ikiwa imeshatoka, kwa hiyo msiniletee kama ushahidi.

Nikipitisha ditekta (mashine ya kutafuta metali) juu tu bila kuchimba?
Kilima kikiwa kwenye orodha ya serikali ya kulindwa, hapana, kwa England ni kosa kwa sheria ya 1979 bila kibali cha maandishi, hata kama mwenye shamba ni mjomba wako.

Radi ikipiga wakati mnachimba ni laana?
Ni hali ya hewa ya Uingereza.

Kikombe cha dhahabu cha Rillaton kiko wapi?
British Museum. Kilitoka Cornwall 1837, waliokitoa walikuwa wanatafuta mawe pia (mnaona?), kikaenda kwa mfalme, na inasemekana mfalme George V alikuwa anawekea vifungo vya kola.

Nimekuta kitu cha njano shambani, England, nifanyeje?
Acha kuchimba. Usikioshe, usikisugue, usikipost. Piga picha kikiwa palepale, andika eneo, mwite afisa wa vitu vya kale wa kaunti yako. Kama ni hazina kisheria una siku 14 kumtaarifu koruna (afisa wa serikali anayechunguza vifo na hazina), na ukikaa kimya unaweza kufungwa.